Jinsi ya kutikisa vijiti vya ramli katika hekalu la Wong Tai Sin

Hekalu hili la Utao, dini ya kale ya China, liko Kowloon, Hong Kong, jirani kabisa na stesheni ya treni yenye jina hilohilo. Kuingia ni bure.

Kwanza mjue unayemwendea. Hadithi inasema Wong Cho-ping, ndiye Wong Tai Sin mwenyewe, alikuwa mchungaji mdogo wa jimbo la Zhejiang, China, karne ya 4. Akiwa na miaka 15 akafuatana na mtawa hadi pangoni, akajifunza elimu ya kutokufa. Miaka 40 baadaye kaka yake akampata na swali la kwanza likawa: kondoo wako wapi? Nje palikuwa na mawe meupe tu. Wong akayaamuru yainuke, yakawa kondoo. Picha yake ililetwa Hong Kong kutoka jimbo la Guangdong mwaka 1915, na hekalu likajengwa hapa 1921. Umma ulifunguliwa milango rasmi 1956. Kwa kuwa kilicholetwa ni picha, altareni utaona picha, si sanamu.

Anza kwa udi: washa vijiti 3, na moto uuzime kwa kupunga mkono, usipulize.

Kisha chukua kopo la mianzi lenye vijiti 100 vyenye namba. Piga magoti, taja moyoni jina lako na swali moja tu. Swali moja kweli: ukiuliza kazi na ndoa kwa pamoja, hutajua jibu ni la lipi. Shika kopo kwa mikono miwili, liinamishe mbele kidogo, tikisa taratibu kwa mapigo mafupi. Ukilisimamisha wima, vijiti vinagonganagongana bila kutoka. Ukililaza mno, vinamwagika rundo zima. Vikianguka viwili au zaidi, rudisha vyote, uliza upya. Kikianguka kimoja, andika namba yake mara moja, maana kelele za makopo ya jirani zinasahaulisha, kisha kirudishe.

Kila namba ina shairi lake, aghalabu linalogusa kisa cha kale cha China, kwa hiyo namba peke yake haikuambii kitu. Nenda kwenye vibanda vya waaguzi, mtajie mmoja wao namba na swali lako, na ukubaliane bei kabla ya kukaa. Mwenye haraka aepuke mkesha wa mwaka mpya wa Kichina: umati hugombania kuchomeka udi wa kwanza, na nafasi ya kupiga magoti ni ya kusukumana.