Jinsi ya kufika Havana, Bombay na Addis Ababa ukiwa umeketi kwa kinyozi Jericho

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko Jericho, Eastlands, Nairobi: viti viwili, kioo chenye ufa, na juu ya kabati la taulo kinanda cha santuri. Mteja akiniomba niweke redio namwambia kichwa ni chako, muziki ni wangu. Wengi hucheka wakakaa. Wachache huvuka barabara kwa mwenzangu mwenye televisheni. Wanaokaa huniuliza swali lile lile kila wiki: nyimbo hizi za Kikuba, za Kihindi, za Kihabeshi nazitoa wapi, mimi ambaye hata pasipoti sina? Nimechoka kueleza na mashine mkononi huku mtu ana nusu kichwa. Nayaandika hapa mara moja.

Kwanza, usianze na dunia. Mtu hununua bando, akatafuta "muziki wa kale wa dunia", akapewa nyimbo mia, akasikiliza sita, na kesho yake hakumbuki hata mmoja. Anza na wimbo ambao tayari unakugusa, zilizopendwa zile zile za Jumapili mchana, kisha ujiulize: huyu mpigaji alijifunza kwa nani? Ukipata jibu, nenda kwa huyo mwalimu wake, umuulize vivyo hivyo.

Chukua rumba. Sisi Nairobi huiita Lingala, kana kwamba lugha ndiyo mdundo. Sikiliza gitaa la pili, lile linalozunguka pale pale wakati solo anatamba. Hapo kuna piano iliyojificha. Kuanzia 1933, ile kampuni ya Uingereza yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni, His Master's Voice, ilianza kutoa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa nyimbo za Kuba, na kuziuza Afrika. Zikafika Léopoldville, Kinshasa ya leo. Vijana wa huko waliimba Kihispania wasichokielewa, na kazi ya piano wakaikabidhi gitaa. Kuba yenyewe ngoma zake ilizipata kwa Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwemo wengi waliotoka nchi za Kongo. Kwa hiyo ule wimbo wa rumba ulikuwa umevuka Atlantiki mara mbili kabla ya kufika River Road. Ukishalijua hilo, tafuta Sexteto Habanero, kisha Arsenio Rodríguez, kipofu aliyepiga tres, gitaa dogo la Kikuba. Mara ya kwanza nilipomcheza hapa, fundi viatu wa mlango wa pili alikuja na msumari mdomoni kuuliza hii ni bendi gani ya Kongo.

Taarabu nayo itakupeleka mashariki. Siti binti Saad alitoka Zanzibar mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay, sauti ya Kiswahili kwenye santuri za mbwa yule yule. Na Juma Bhalo wa Mombasa alitia maneno ya Kiswahili kwenye tuni za filamu za Kihindi, hivyo ukimpenda Bhalo tayari uko mlangoni kwa Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar. Ingia tu.

Wazee wa kantri ndio wagumu. Wanakuja Jumamosi na kofia zao, wanataka Jim Reeves, na baada ya Jim Reeves wanataka Jim Reeves. Hao ninao wimbo wao. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis akawakuta wana nyimbo za mtu aitwaye Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyefariki 1933, ambaye wengi humwita baba wa kantri. Santuri zake zilikuwa zimefika huko kabla yake Tracey. Watu walisikia sauti ikitoka kwenye sanduku, mtu hawamwoni, jina wakaligeuza lipite vizuri mdomoni, na masimulizi yakamfanya nusu mtu nusu paa. Wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya wakamwimbia, kinubi kikiwasindikiza. Rekodi hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 huko Afrika Kusini, na mtandaoni inapatikana. Mzee mmoja wa Kericho aliposikia hapa aliniambia nizime mashine ya kunyolea. Akasikiliza amefumba macho, nywele zimemjaa mabegani. Alipomaliza alisema, "Kijana, rudisha." Nikarudisha mara tatu. Wiki iliyofuata aliniomba Jimmie Rodgers mwenyewe, na Jim Reeves akapata likizo.

Sasa kuhusu santuri zenyewe. Mimi hununua Kenyatta Market. Unapita kwenye moshi wa nyama choma, unapita kwa akina dada wanaosuka nywele na wote watakuvuta mkono hata kama una upara, kisha kuna mahali santuri zimepangwa hadi dari. Usikimbilie jina la mwimbaji. Soma lebo, ile karatasi ya duara katikati, yote. Jina la kampuni, namba, mahali ilipotengenezwa, na lile jina dogo kwenye mabano chini ya kichwa cha wimbo. Hilo ni la mtunzi, na mara nyingi si yule anayeimba. Mfuate mtunzi. Halafu geuza santuri kwenye mwanga uone sehemu laini karibu na lebo, pale mifereji inapoishia. Kuna herufi na namba zimechorwa hapo. Lebo inaweza kuwa imefutika au imebandikwa upya. Namba hizo hazibandikwi. Ingia Discogs, tovuti yenye orodha ya santuri, uipe namba hizo na ile ya lebo. Ikikuonyesha santuri yako, usiishie hapo: bofya jina la kampuni uone vitu vingine ilivyotoa mwaka ule. Mimi nimepata vizuri vyangu vingi zaidi kwa kufuata kampuni kuliko kwa kufuata nyota. Mwenye kampuni ya santuri alikuwa na masikio yake, na ukiyapenda masikio ya mtu, atakulisha miaka.

Kabla ya kulipa, inamishe santuri dirishani ili mwanga uipite kwa ubavu. Ukiona mkwaruzo, pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, sindano nayo itaruka. Usipokwama, utasikia mchakacho tu, na mchakacho ni kama mvua juu ya mabati, unauzoea. Kisha ilete santuri usawa wa jicho uone kama imepinda. Mimi niliwahi kupanda matatu na santuri sita nikaziweka dirishani upande wa jua, foleni ya Jogoo Road ikafanya kazi yake. Nilifika nyumbani na sahani sita za kulia pilau.

Zile ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilizotengenezwa hapa nchini nyingi zina tundu kubwa katikati. Usiogope. Nilikata kifuniko cha mkebe wa mafuta ya nywele, nikatoboa katikati kabisa, na hadi leo ndicho ninachotumia. Lakini tundu likienda kando hata kidogo, mwimbaji atayumba kama mlevi.

Za kasi ya 78 ni ulimwengu mwingine. Ni nzito, ni ngumu, zikianguka zinavunjika kama kigae. Hazikutengenezwa kwa plastiki ya kisasa, zilitengenezwa kwa unga wa mawe ulioshikanishwa na utomvu wa wadudu, mwingi wake ukitoka India. Utomvu huo huyeyuka kwa spiriti. Hili nililijua kwa njia mbaya. Mimi kinyozi, spiriti iko mkono wa kulia siku zote, na nilikuwa nimepata santuri ya 78 ya Kiarabu, chafu, nikaimwagia spiriti kwenye pamba nikasugua kama ninavyosafisha kisogo. Pamba ikawa nyeusi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Nikasugua zaidi. Ule haukuwa uchafu, ulikuwa wimbo. Leo iko ukutani, upande mmoja unang'aa, upande mwingine una ukungu, na sijawahi kujua aliyekuwa akiimba alisema nini.

Kwa hiyo: maji yaliyochemshwa kwa mvuke yakapozwa, yale ya betri ya gari yanayouzwa petroli stesheni (maji, si asidi, soma chupa), tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni, simamisha zikauke kivulini. Na kuziweka ni kwa kuzisimamisha, kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine utakuja kuniambia kuhusu sahani za pilau.

Sindano pia ni mbili. Mifereji ya 78 ni mipana, inahitaji sindano nene, karibu mara tatu au nne ya ile ya santuri za kuanzia 1948 zilipokuja LP. Ukitumia nyembamba itazama chini kabisa kwenye vumbi na utasikia kelele kuliko muziki. Kinanda chako kikiwa hakina kasi ya 78, lakini una sindano yake, icheze kwa 45 huku kompyuta ikirekodi kwa Audacity, programu ya bure, kisha uiambie ibadilishe kasi kutoka 45 hadi 78. Mwimbaji atakayeanza kama jitu lenye usingizi atarudi kuwa binadamu. Hifadhi kama WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza sauti. MP3 ni ya kutuma tu.

Asiye na kinanda wala pesa ya santuri asikate tamaa. Kuna Radiooooo, ramani ya dunia: unachagua nchi, unachagua mwongo, unaambia nataka polepole, kasi, au vioja. Usiku stima ikiwepo na wateja wameisha, mimi huchagua nchi ambayo jina lake naliona tu kwenye Kombe la Dunia. Na kuna Internet Archive, ambako santuri za 78 kwa maelfu zimewekwa sauti zake. Chukua daftari. Andika wimbo, mwaka, nchi, na neno moja tu la kwako: "kilio", "ngazi", "chai ya saa kumi". Neno lako ndilo litakalokurudisha.

Kuja kwenye kushiriki. Hapa ndipo wapenzi wa muziki wa kale huharibu. Mtu anatuma nyimbo kumi na tano kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, kisha anashangaa hakuna aliyejibu. Tuma mmoja. Kwa mtu mmoja. Na hapa dukani nina sheria: wimbo mgeni hautangulii. Nauweka katikati ya nyimbo mbili ambazo kila mtu anazijua, na sisemi kitu. Ukitangaza "sasa sikilizeni wimbo wa Japani", masikio yanajifunga hapo hapo. Mwache aulize. Nilimcheza Misora Hibari kati ya benga mbili, na mteja mmoja akaapa kwamba huyo mama ni Mhabeshi. Hakukosea sana kwa sikio: Japani na Uhabeshi wote wana nyimbo nyingi za ngazi ya sauti tano. Nilipomwambia ni Mjapani, alisikiliza upya kwa bidii kuliko ningemwomba.

Jambo la sheria nalipitia haraka. Kwa kucheza dukani nalipia leseni. Kwa kupakia mtandaoni, kumbuka hesabu mbili tofauti za miaka: sheria ya Kenya inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka mtunzi alipofariki. Rekodi ya 1965 inaweza kuwa imeachiliwa huku mtunzi wake akiwa amezikwa juzi, au yuko Kayole anakunywa chai. Mimi sipakii. Naalika watu.

Na watu hulipa kwa njia zao. Kijana mmoja wa Addis, anayefanya kazi mkahawani, alikuja kunyolewa siku nilipokuwa nikimcheza Mahmoud Ahmed, mwimbaji wa Uhabeshi. Nilikuwa nimemfikia kwa kufuata kampuni, kama nilivyosema: Amha Records, aliyoianzisha Amha Eshete mwaka 1969 wakati kurekodi kulikuwa haki ya serikali ya mfalme peke yake. Kijana alinyamaza. Kisha akaniambia, "Mzee, huyu ni wa mama yangu." Sikumtoza.

Mwezi uliopita alirudi na kaseti isiyo na jalada, maandishi ya Kiamhari yamefifia kwa wino wa buluu, utepe umetoka nje kama utumbo. Nimeuzungusha kwa biro, taratibu, wateja wawili wakisubiri. Umerudi wote isipokuwa sehemu moja iliyokunjika karibu na mwanzo wa upande wa pili. Deki ninayo, mpira wake umelegea. Nimeambiwa kuna fundi Luthuli Avenue mwenye mipira ya saizi zote. Nitafunga saa nane nimfuate.