Marejeo ni Ngamani: Namna ya Kutunza Mashua ya Kustaafia Ukiwa Marmaris

Mstaafu anayeamua kuishi ndani ya mashua ya tanga kwenye pwani ya kusini-magharibi mwa Uturuki hugundua mapema kwamba safari zenyewe huchukua siku chache za mwezi, na siku zilizobaki huliwa na matengenezo. Mimi na mke wangu tuliingia Marmaris na mashua ya faiba yenye urefu wa mita 11 tukidhani tungekaa majuma mawili. Tulikaa miezi mitano, kwa sababu ya pampu moja, valvu mbili na fundi aliyekuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Ninayoyaandika hapa ni utaratibu tulioufuata baada ya kukosea kwanza.

Anza na ngama. Wahenga waliosema kwamba uendapo tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuwa wakizungumzia falsafa tu, kwani chombo chochote huficha maradhi yake pale chini maji yanapojikusanya. Kila asubuhi, kabla ya chai, inua mbao za sakafu na utazame kwa tochi. Ukikuta maji, chunguza kwanza kama yana utando wa dizeli au harufu ya choo. Kama hayana, chovya kidole, uonje kidogo na uteme. Maji ya chumvi yametoka nje, yaani kwenye gilandi (kizibo kinachozuia maji pale shafti ya rafadha inapotokea nje), kwenye valvu zilizo chini ya maji, au kwenye mipira ya kupoza injini. Maji yasiyo na chumvi ni ya tangi lako mwenyewe au ni ya mvua iliyopenya kwenye sitaha, na Marmaris hupata mvua nyingi sana kati ya Novemba na Februari. Kausha ngama yote kwa kitambaa, tandaza vipande vya karatasi ya chooni chini ya kila kiungo, kisha subiri saa moja uone karatasi ipi imelowa kwanza. Njia hii haigharimu chochote, nayo ilitufichulia uvujaji ambao mafundi wawili waliotangulia walitaka kuutafuta kwa kuing'oa injini.

Gilandi ya mtindo wa zamani, ile yenye pakingi za kamba, inatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka, na kukoma au kukaribia kukoma inaposimama. Ukiibana mpaka isitoe hata tone moja, shafti hupata moto na kulika. Valvu nazo zifunguliwe na kufungwa angalau mara moja kwa mwezi zisije zikaganda. Kwangua kidogo shingo ya kila valvu kwa ncha ya kisu: ukiona rangi ya waridi badala ya manjano, zinki iliyomo kwenye shaba ile imeliwa na bahari, na shaba iliyobaki inaweza kumeguka kama biskuti. Valvu ya namna hiyo hubadilishwa chombo kikiwa nchi kavu tu. Kwa sasa, funga kwa uzi kizibo cha mti laini chenye ncha karibu na kila tundu, ili siku ya ajali usianze kukitafuta gizani.

Kuna jambo ambalo wageni wa marina, yaani bandari ya mashua, hawalitarajii, nalo ni umeme wa gatini. Waya wa ardhi unaokuja pamoja na umeme huo wa volti 230 huunganisha chombo chako na vyombo vya majirani wote, hivyo vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye shafti yako ili vilike badala ya rafadha vinaweza kuliwa kwa ajili ya kulinda rafadha ya mtu mwingine. Funga kwenye waya wa ardhi kifaa cha kuzuia mkondo mdogo wa umeme unaoila zinki hiyo, badilisha zinki inapobaki nusu, na kamwe usiipake rangi, kwa kuwa zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yake. Usiku ambao hauhitaji umeme, chomoa waya. Betri iliyopumzika ikionyesha volti 12.7 imejaa, na ikishuka hadi 12.2 imebaki takriban nusu.

Sasa tuje kwa mafundi. Fundi bingwa huitwa usta, jina lililo ndugu na ustadhi wetu, na kazi ya kuziba mianya ya mbao huko nako ni kalafat, kama tunavyosema sisi kutia kalafati. Mtaa wa karakana ni sanayi, duka ni dükkan, na bili ni hesap. Mke wangu alicheka siku kijana wa gatini alipompokea kwa "merhaba", kwa kuwa alihisi ameitikiwa shikamoo ambayo hakuitoa. Maneno haya machache yatakufungulia milango, lakini kinachoifungua kabisa ni çay: ukikaribishwa, kaa na unywe, kwa maana anayekimbilia bei kabla ya glasi kuisha huonekana mtu wa shari.

Baada ya chai, hata hivyo, andika. Karatasi moja itaje kazi, vipuri na nani atavinunua, bei na sarafu yake, na tarehe ya kumaliza. Toa malipo ya awali ya vifaa pekee. Uwepo wakati wa kazi, na udai kipuri cha zamani mkononi. Sharti hili la mwisho nililijifunza kwa maumivu. Fundi mmoja alitubadilishia impela ya pampu ya maji ya bahari, ile ya mpira yenye mabawa, akaondoka na ya zamani. Siku ya pili injini ilipanda joto tukiwa mlangoni mwa ghuba. Nilipofungua mfuniko wa kipoza joto nilikuta mabawa matatu ya mpira yamebanana kwenye mdomo wa mirija, meusi, yamejikunja kama maganda ya kwaju. Kwa hiyo impela ya zamani ikitoka, hesabu mabawa yake. Kila lililopungua lipo mahali fulani ndani ya mfumo na ni lazima litafutwe.

Kupandisha chombo nchi kavu kunahitaji miadi mapema, hasa majira ya kuchipua, kila mtu anapotaka rangi mpya chini. Kwetu mashua ilipwelezwa mchangani wakati wa bamvua, maji yakashuka zaidi ya mita 3, na mafundi wakapata saa kadhaa za kupaka deheni ya chokaa na shahamu. Bahari ya Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana hiyo, hivyo hapana budi kutumia kreni ya mikanda na kuilipia. Weka alama ubavuni kuonyesha mahali pa mkanda, ili usibane shafti wala kipimo cha mwendo. Makombe yaoshwe kwa maji ya nguvu mara tu chombo kinapotoka baharini, kwani yakikauka utayakwangua kwa juma zima. Ikiwa mtalala juu ya viegemeo, fungeni ngazi kwa kamba, na mkumbuke kwamba choo cha ndani hakitumiki. Kushuka mita 3 saa nane usiku katika umri wetu si mchezo.

Mambo mengine ya kila siku ni mepesi. Kagua kamba zinaposuguana na gati kabla ya upepo wa kusini, lodos, haujaingia. Acha maji ya bomba yamwagike kidogo kabla ya kujaza tangi. Maji machafu yanyonywe kituoni na yaandikwe kwenye Kadi ya Buluu, Mavi Kart, kwa sababu wakaguzi huiuliza. Wasio raia wa Umoja wa Ulaya wanaovuka kwenda Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, wahesabu siku zao za Schengen (eneo la nchi za Ulaya lenye mpaka mmoja wa pamoja), siku 90 katika kila siku 180.

Siku ya kurudi majini, mwombe mwendesha kreni akishushe chombo lakini asilegeze mikanda. Shuka ndani, inua mbao za sakafu, pitisha tochi kwenye kila valvu na mkono mkavu chini ya gilandi, na usikubali kuharakishwa na foleni iliyo nyuma yako. Mkono ukitoka mkavu, panda juu umwambie "tamam", yaani sawa, na mikanda iondolewe.