Jinsi ya kuiomba mahakama ya Marekani ichukue ushuhuda wa shahidi wa kesi yako ya Nairobi au Dar es Salaam

Shahidi wako anaishi Houston, kesi iko Mahakama Kuu, na samansi ya kwetu haimfikii. Sheria ya Marekani, 28 U.S.C. kifungu cha 1782, inamruhusu mtu mwenye maslahi katika kesi ya nchi nyingine aiombe mahakama ya shirikisho ya wilaya imwamuru shahidi huyo atoe ushuhuda kwa kiapo nje ya mahakama, yaani dipozisheni, au atoe nyaraka. Kupata amri si kazi kubwa kama wengi wanavyodhani. Mambo huharibika baadaye, wakili anaporudi na bunda la kurasa ambazo jaji wa nyumbani hawezi kuzipokea.

Kwa hiyo anza na jaji wa nyumbani. Ukitaka maneno ya shahidi yasimame badala ya shahidi mwenyewe kizimbani, upande wa pili lazima uwe umepewa nafasi ya kumdodosa. Kwa Kenya, soma kifungu cha 34 cha Sheria ya Ushahidi kabla hujaandika mstari mmoja. Njia salama ni kupata kwanza amri ya kamisheni, yaani amri ya mahakama ya nyumbani inayoagiza ushuhuda wa shahidi uchukuliwe mahali alipo: Tanzania chini ya Amri ya 26 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33), Kenya chini ya Amri ya 28 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 2010. Amri hiyo inakusaidia mara mbili, kwa sababu jaji wa Marekani naye atauliza kama mahakama ya kwenu inautaka msaada huu. Kama unatafuta nyaraka tu, au maneno ya kumbana shahidi huyo akija kusema vingine, unaweza kwenda moja kwa moja mahakama ya Marekani.

Hakikisha sasa mambo matatu ambayo sheria inayadai: shahidi anaishi au anapatikana katika wilaya ya mahakama unayoiomba, ushuhuda ni wa kutumika katika shauri mbele ya chombo cha nchi ya nje au cha kimataifa, na mwombaji ni chombo hicho au mtu mwenye maslahi. Shauri si lazima liwe limeshafunguliwa, mradi linatarajiwa kwa dhati. Usuluhishi wa kibiashara wa watu binafsi haumo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mlango huo mwaka 2022 katika ZF Automotive dhidi ya Luxshare. Angalia pia ramani: Houston iko Wilaya ya Kusini ya Texas, Dallas iko ya Kaskazini. Ukikosea wilaya, ombi linatupwa.

Utahitaji wakili aliyekubaliwa katika mahakama hiyo. Faili lina ombi lenyewe, hoja za kisheria, tamko la wakili wa nyumbani linaloeleza kesi ilipofikia, rasimu ya amri, na rasimu ya hati ya wito kwenye fomu AO 88A (AO 88B ni ya nyaraka peke yake). Hoja zijibu vigezo vinne vya kesi ya Intel dhidi ya AMD ya 2004: kama shahidi ni mhusika wa kesi ya nyumbani, mahakama yenu inaupokeaje msaada, kama unakwepa masharti ya ushahidi ya kwenu, na kama unachoomba kinamlemea mtu. Kigezo cha mwisho ndicho kinachoangusha wengi. Usiombe “nyaraka zote”. Taja akaunti, mwezi na mkataba.

Kuna kasoro ndogo katika tamko inayojirudia. Likisainiwa nje ya Marekani bila kiapo mbele ya kamishna wa viapo, lazima liseme kwamba linatolewa kwa adhabu ya uongo chini ya sheria za Marekani. Bila maneno hayo linaweza kukataliwa.

Katika rasimu ya amri weka ruhusa ya kuhoji ukiwa mbali kwa video, maana bila makubaliano au amri haipo. Kawaida dipozisheni ni siku moja ya saa 7. Mkalimani wa Kiswahili hula karibu nusu yake, basi omba muda zaidi hapo hapo. Kumbuka pia kwamba saa 3 asubuhi ya Houston ni saa 11 jioni Dar es Salaam, saa 12 wakati wa baridi yao. Mahojiano ya siku nzima yatakufikisha usiku wa manane.

Hati ya wito hupelekwa na mtu wa miaka 18 au zaidi asiye mhusika, pamoja na posho ya shahidi ya dola 40 kwa siku na nauli kwa maili, zikikabidhiwa papo hapo. Mahali pa mahojiano pawe ndani ya maili 100 kutoka anapoishi au kufanya kazi. Pesa zikisahaulika, wito una dosari na wakili wa shahidi ataurudisha kwa furaha. Mpe upande wa pili notisi, na utunze uthibitisho wake. Ndio utakaouonyesha nyumbani.

Siku yenyewe, mawakili wetu hukosea kwa kuingia na maswali ya dodoso: “Si kweli kwamba ulilipwa?” Shahidi anasema hapana, mlango umefungwa. Anza wazi: “Eleza malipo yote uliyopokea mwaka ule.” Halafu: “Kuna mengine?” Rudia hadi aseme hakuna. Ndipo uweke taarifa ya benki mezani kama kielelezo, kipewe namba, naye asome mstari husika kwa sauti. Akijibu kwa kutikisa kichwa, mwambie atamke, kwa kuwa mwandishi anayenakili mahojiano neno kwa neno huandika sauti tu. Pingamizi la wakili wake halizuii jibu, ila akilinda siri ya wakili na mteja, au zuio la mahakama, au akisimamisha kwenda kwa jaji.

Kabla ya kufunga, uliza kama shahidi anataka kupitia nakala ya mahojiano. Akiomba ana siku 30 tangu aambiwe iko tayari, na anaruhusiwa kubadili hata maana ya jibu akieleza sababu. Hapo ndipo rekodi ya video inapolipa gharama yake. Dai cheti cha mwandishi kinachothibitisha kiapo na usahihi wa nakala, kisha wasilisha mahakamani kwako nakala nzima, na katika hoja zako taja ukurasa na mstari.