Kuliandalia Jokofu Nafasi Katika Makabati ya Jikoni

Fundi seremala anapokuja kupima makabati ya jikoni, mara nyingi hupima upana wa jokofu, huongeza upana wa kidole kila upande, kisha hukata mbao. Kosa huanzia hapo. Jokofu hulichukua joto lililomo ndani na kulitoa nje, na joto hilo lisipopata njia hubaki likilizunguka jokofu lenyewe, hata kompresa ikalazimika kufanya kazi usiku na mchana, umeme ukaliwa bure na umri wa mashine ukapungua. Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako mwezi wa Februari hewa ya jikoni hupita nyuzi 30 za Selsiasi, jokofu lililobanwa huharibika mapema.

Kwanza tambua joto linatokea wapi. Ukiuona wavu mweusi wa mabomba mgongoni, linatokea huko. Usipouona, gusa mbavu za jokofu lililowashwa kwa saa kadhaa, na zikiwa na uvuguvugu basi mabomba yamefichwa nyuma ya bati la ubavuni, na aina hii ndiyo inayoumia zaidi ikibanwa na mbao. Fuata vipimo vya kijitabu chake. Kikiwa kimepotea, mimi huacha sentimita 5 nyuma, 5 kila upande na 10 juu, yaani jokofu la upana wa sentimita 60 hutengewa 70. Wanaonunua majokofu ya mtumba kutoka Ulaya wasome pia kibandiko cha ndani: herufi N ina maana kwamba limeundwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 32, na T ni hadi nyuzi 43.

Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, kabati la juu ya jokofu lisigusane na ukuta wa nyuma, bali liache upenyo unaoendelea hadi juu, na upenyo huo usizibwe kwa urembo wa dari. Jokofu la kawaida lisifichwe kamwe nyuma ya mlango wa kabati. Yapo yaliyoundwa kwa ajili hiyo, ambayo kwa kawaida huingia katika nafasi ya upana wa sentimita 56, nayo huvuta hewa kupitia tundu la chini na kuitoa juu.

Mlango ukiwa karibu na ukuta, hakikisha unafunguka kupita pembe mraba, la sivyo droo za mboga hazitatoka. Majokofu mengi huruhusu bawaba kuhamishiwa upande wa pili. Soketi iwekwe ndani ya kabati la jirani, ili uweze kuchomoa plagi bila kulivuta jokofu.

Sakafu ikaguliwe kwa pima maji, kisha miguu ya mbele inyanyuliwe kidogo ili mlango ujifunge wenyewe. Kama jokofu lilisafirishwa likiwa limelazwa, lisimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Baada ya siku nzima, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katika rafu ya kati. Kikizidi nyuzi 5 ilhali mbavu zinachoma, mwite seremala apanue upenyo wa juu kabla hujamwita fundi wa majokofu.