Namna ya Kupata Njia za Miguu Zisizojulikana kwa Matembezi na Mbwa kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Mkazi wa Moshi anayefuga mbwa huuona mlima kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu, lakini hawezi kuupanda akiwa na mnyama wake. Hifadhi za Taifa haziruhusu mbwa wa kufugwa kuingia, na tangu mwaka 2005, mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipopanuliwa kushuka na kuingiza msitu wa asili, marufuku hiyo inaanzia karibu kabisa na mashamba ya wanakijiji. Hata hivyo, chini ya msitu upo ukanda mpana wa vijiji, kutoka Machame na Kibosho hadi Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu, ambao umejaa njia za miguu zinazotumiwa kila siku na wenyeji na ambazo mgeni hazioni kwa sababu hazina kibao wala geti. Maelekezo haya yanahusu namna ya kuzipata njia hizo na kutambua ni zipi zinazofaa kupitwa na mbwa, maana njia inayompokea mtu vizuri si lazima impokee na mbwa wake.

Kazi ya kwanza ni kujua pa kutokwenda. Msitu wa asili na mpaka wake wa chini, mahali wenyeji wanapopaita nusu maili, uondoe kabisa kwenye mipango yako. Huko mtu mwenye mbwa hudhaniwa mwindaji kabla hajafungua mdomo, na dhana hiyo si ya uonevu, kwa kuwa mbwa kweli hutumiwa kuwinda swala wadogo wa msituni. Msitu wa Rau ulio karibu na mji uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo uliza ofisini kwao kwanza badala ya kukisia. Maporomoko ya Materuni na Kinukamori nayo yaache, si kwa sababu ni mabaya, bali kwa sababu vijia vyake ni vyembamba na vimejaa wageni ambao baadhi yao huogopa mbwa.

Baada ya hapo lisome umbo la nchi. Upande wa kusini wa mlima umekatwa na makorongo marefu yanayoshuka pamoja na mito kama Weru Weru, Karanga na Rau, na kati ya korongo na korongo umelala mgongo wa ardhi wenye makazi. Barabara za magari karibu zote hupanda juu ya migongo hiyo. Kwa hiyo njia zisizojulikana ni zile zinazokata kando: zinashuka korongoni, zinavuka mto kwa daraja la magogo, kisha zinapanda upande wa pili hadi kanisani, shuleni au sokoni. Ramani za serikali za skeli ya 1:50,000 zinaonyesha makorongo hayo vizuri kwa mistari yake ya mwinuko, na ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo unaweza kuipakua kwenye simu kwa programu ya OsmAnd, ina baadhi ya vijia vilivyochorwa na watu wa kujitolea. Picha za setilaiti hazisaidii sana hapa, kwa kuwa migomba na miti ya kivuli ya vihamba, yaani mashamba ya familia za Wachaga, hufunika kila kitu. Kumbuka pia kwamba mita mia nne za ramani zinazovuka korongo zinaweza kuwa kazi ya nusu saa.

Njia bora kuliko zote kwa mbwa, kwa maoni yangu, ni zile zinazoambatana na mifongo, yaani mifereji ya jadi iliyochimbwa na Wachaga kuleta maji ya mito kwenye vihamba. Aliyechimba mfongo alilazimika kuupa mteremko mdogo sana ili maji yatembee bila kuubomoa ukingo, na matokeo yake ni kwamba kijia cha pembeni, kinachotumiwa na wanaousafisha na kugawa maji, hukumbatia ubavu wa mlima karibu bila kupanda wala kushuka. Mbwa mzee, au mzito, au mwenye matatizo ya nyonga, anaweza kutembea hapo mbali bila kuchoka. Sharti lake ni moja na halina mjadala: mbwa asiingie kwenye maji ya mfongo, asinywe humo na asijisaidie ukingoni, kwa sababu zipo nyumba zinazochota maji hayo, na mfongo una wenyewe, wenye kamati na zamu. Mbebee maji yake na bakuli jepesi la plastiki.

Ukishapata picha ya jumla, uliza watu, na uchague wa kuwauliza. Dereva wa bodaboda anajua pikipiki inapopita, na hapo ndipo usipopataka. Wanaozijua njia za miguu ni wanafunzi, wauza maziwa, na zaidi ya wote akina mama wanaokata majani ya ng'ombe, maana ng'ombe wa huku hufugwa ndani na chakula chao hubebwa kichwani kutoka mbali. Swali nalo lina namna yake. Ukiuliza kama kuna njia, utajibiwa kwa upole kwamba ipo, na utakuwa hujajua lolote. Ni afadhali kusema, “Shikamoo mama, mtu akitoka hapa kwenda kanisani ng'ambo ile, anapita wapi? Akiwa na mzigo anatumia muda gani? Na masika panapitika?” Majibu matatu hayo yanakupa njia, urefu wake na hali yake, tena kwa kipimo cha mtu anayepita kweli.

Uliza vilevile kama njia inapita uani kwa mtu. Vijia vingi hufuata mstari wa masale, ile mimea inayopandwa kuweka mpaka kati ya kihamba na kihamba, na kwa kawaida mstari huo ni wa kupitwa na wote; lakini vipo vingine vinavyoishia jikoni kwa familia, ambako jirani hupita kwa ujirani tu. Ukikusudia kupita mara kwa mara, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni anayejulikana akipita na mbwa ni jambo dogo, asiyejulikana ni mazungumzo ya kijiji kizima.

Kisha ipite njia peke yako, bila mbwa. Angalia daraja la magogo lina mianya kiasi gani, kwa sababu mguu wa mbwa ukizama kati ya magogo mawili huvunjika upesi. Angalia nyumba zenye mbwa wanaofunguliwa mchana, kuku na vifaranga vilivyo njiani, mbuzi waliofungwa kamba, na mashimo ya wazi. Angalia pia miti ya kahawa: ikiwa majani yana madoa ya buluu, imepuliziwa mrututu, dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, na huenda sumu ya wadudu nayo imepigwa, kwa hiyo mbwa asilambe majani wala madimbwi ya hapo. Msimu wa mavuno mzuie asile kahawa iliyodondoka, kwa kuwa kafeini ni sumu kwake.

Kuhusu mbwa mwenyewe, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na cheti chake kiwe mfukoni. Mbwa wengi utakaokutana nao hawajachanjwa, na mtu akiumwa na yeyote kati yao, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Njiani kamba isiachiliwe, na iwe fupi kila mnapokaribia nyumba. Mkikutana na mtu mwenye mzigo kichwani, wewe ndiye wa kusogea pembeni, ukae kati yake na mbwa. Miteremko hii ina Waislamu na Wakristo, na kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo usimwache mbwa amnuse mtu hata kama unajua ni mpole. Mbwa wa kijiji akija kwa kelele, simama, kisha iname kama unayeokota jiwe. Karibu kila mara hurudi nyuma, na jiwe lenyewe huwa halihitajiki. Mbwa wako akiua kuku, mtafute mwenye kuku na umlipe papo hapo bila kubishania bei.

Ondoka alfajiri, saa kumi na mbili, kwa sababu mbwa hana jasho la kumpoza kama binadamu na hutegemea zaidi kuhema. Akianza kuyumba, fizi zikiwa nyekundu sana, mweke kivulini na ummwagie maji tumboni na kwenye mapaja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za kushuka korongoni huwa utelezi mtupu wa udongo mwekundu, na hapo ubaki kwenye mifongo. Mkirudi, mkague kupe kati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia, kwani kupe huleta magonjwa ya damu ambayo dalili zake huchelewa kuonekana.

Ukitaka kuichora njia kwenye ramani huria ili wengine waifaidi, chora zile tu ambazo wenyeji wamekuambia ni za wote. Kijia kinachopita uani kwa mtu aliyekuruhusu wewe kibaki kati yenu.