Namna ya kujua kama tumbo la mtu mzima linamudu maziwa

Mtu mzima ambaye tumbo humuunguruma na kujaa gesi kila anapokunywa glasi ya maziwa freshi huambiwa upesi kwamba ni mambo ya kabila: Wamasai wanayaweza, watu wa jamii za wakulima hawayawezi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila haitoshi kumwamulia mtu mmoja, kwa kuwa ndani ya kila jamii wamo wanaoyamudu na wasioyamudu.

Sukari ya maziwa, yaani laktosi, huvunjwa katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Watoto wachanga karibu wote wanacho, lakini baada ya kuachishwa ziwa kiasi chake hupungua kidogo kidogo, na takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani hubaki na kidogo mno. Waliosalia wamerithi badiliko la herufi moja tu ya DNA, jirani na jeni ya laktesi katika kromosomu ya 2, linaloifanya iendelee kufanya kazi hadi uzeeni. Kulirithi kutoka kwa mzazi mmoja kunatosha. Badiliko hilo si moja kwa watu wote. Wazungu wa kaskazini wanalo linaloitwa 13910, Waarabu wengi wenye uwezo huu wanalo 13915, na mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza jingine, 14010, lililoenea hasa miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania. Cha kustaajabisha ni kwamba hata kati ya Wahadzabe waliopimwa, ambao ni wawindaji na hawafugi ng'ombe, karibu nusu walionekana kumeng'enya laktosi.

Anayetaka kujijaribu nyumbani, akiwa mzima wa afya, aache maziwa kwa wiki mbili, pamoja na chai ya maziwa na aiskrimu. Chai ya maziwa husahaulika sana, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kuchemsha huondoa kinachowasumbua, ilhali moto huua vijidudu na kuiacha laktosi palepale. Baada ya hapo achague asubuhi moja ya siku asiyokuwa na safari, anywe mililita 250 za maziwa yaliyochemshwa na kupoa, bila kitafunwa chochote, kiasi ambacho kina takribani gramu 12 za laktosi, kisha aandike anachokisikia kwa muda wa saa nne. Dalili za kawaida, ambazo ni tumbo kujaa, kuunguruma, kukata na kuhara, huanza baina ya nusu saa na saa mbili. Siku nyingine arudie kwa kiasi kilekile cha mtindi, na siku ya tatu anywe maziwa freshi pamoja na mlo kamili. Tofauti baina ya siku hizo tatu humfundisha mengi kuliko siku ya kwanza peke yake. Hata hivyo, asiyepata dalili asijitangazie kwamba ana jeni ya wafugaji, kwani watu wengi wenye laktesi kidogo huvumilia glasi moja bila shida yoyote.

Hospitali iliyo na kifaa kinachofaa hupima hidrojeni katika pumzi, gesi ambayo bakteria wa utumbo mpana huitoa wanapoichachusha laktosi iliyowafikia. Kipimo cha jeni kinahitaji tahadhari zaidi. Vipimo vingi vinavyouzwa hutazama 13910 peke yake, hivyo Mmasai mwenye 14010 anaweza kuletewa jibu kwamba hamudu maziwa, naye amekuwa akiyanywa tangu utotoni. Kabla ya kutoa fedha, uliza ni mabadiliko yapi yanayotafutwa. Usipotajiwa 14010, na asili yako ni Afrika Mashariki, jibu la "hapana" halina uzito.

Akishajua hali yake, mtu hana haja ya kuyakimbia maziwa yote. Mtindi na maziwa lala humsumbua kidogo zaidi, kwa sababu bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wale wa mtindi huendelea kuivunja hata tumboni. Samli inayo kidogo sana. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia, ambayo husifiwa mno kama tiba, yana laktosi kama ya ng'ombe. Anayependa maziwa freshi aanze na nusu kikombe pamoja na chakula kila siku, kwani bakteria wa tumboni huzoea, na kalsiamu inayopungua aipate kwa dagaa wanaoliwa na miba yao.

Kuhara kulikoanza ghafla baada ya ugonjwa wa tumbo huweza kuwa upungufu wa laktesi wa muda, utumbo ukipona nao huisha. Damu katika choo, kukonda, homa, au kuvimba midomo na kubanwa pumzi baada ya kunywa maziwa si dalili za laktosi, na mwenye nazo aende kwa daktari bila kujijaribu kwa glasi.