"<1" si sifuri: kuhesabu risasi ambayo mashine haikuiona

Maji ya Arusha na Moshi yakifika maabara, floridi huonekana kwa urahisi, maana mara nyingi ipo ya kutosha. Ugumu uko kwenye madini kama risasi, pale karatasi ya majibu inapokuja na "<1". Hiyo si sifuri. Mashine imeshindwa kuitofautisha na maji safi, basi; kiasi chenyewe kiko popote chini ya 1, yaani chini ya kikomo cha mashine (kiasi kidogo kabisa inachoweza kukiona).

Tuseme chemchemi nane za Moshi zimetoa majibu haya (ya kujifunzia tu), kwa mikrogramu kwa lita: <1, <1, 2, <3, 4, 5, 8, 12. Ile <3 imetokana na sampuli iliyozimuliwa, kikomo kikapanda.

Kwenye Excel weka safu mbili: moja ya namba tupu, nyingine uandike 1 penye "<" na 0 palipopimwa. Ukiiacha "<1" ilivyo, Excel inaiona kuwa maandishi na kuiruka kimyakimya. Wastani unatoka 6.2. Ukijaza sifuri, 3.9. Ukijaza nusu ya kikomo, 4.2. Maji ni yaleyale! Wengi hujaza nusu, lakini ukiandika 1.5 mahali pa <3 umeshaamua kwamba iko chini ya 2, na hakuna aliyeipima.

Njia ya Kaplan-Meier, inayokadiria ni sehemu gani ya sampuli iko chini ya kila thamani iliyopimwa, haibuni kitu. Anza na kubwa, shuka. Kwenye 12 zipo sampuli 8, ukiitoa zinabaki 7: 7/8. Zidisha kwa 6/7 (kwenye 8), 5/6 (kwenye 5), 4/5 (kwenye 4): unapata 0.5, yaani nusu ya chemchemi ziko chini ya 4. Sasa <3 inatoka kwenye hesabu. Kwenye 2 zimebaki tatu, zidisha kwa 2/3: 0.33 ziko chini ya 2. Kwa kujaza nusu ungepata 0.375.

Data zikiwa nyingi tumia programu ya R, kifurushi cha NADA2, amri ya cfit. Safu zako mbili zinaingia moja kwa moja. "<" zikizidi nusu, hamia ROS (njia inayokadiria zisizoonekana kwa kufuata mpangilio wa zilizopimwa). Zikizidi asilimia 80, achana na wastani, toa idadi ya zilizovuka kiwango tu.

Kiwango cha WHO kwa risasi ni 10, na hapa moja kati ya nane imevuka bila ubishi, kwa kuwa vikomo vyote viko chini ya 10. Maabara yenye kikomo cha 20 isingekuambia hata hilo. Ulizia kikomo kabla hujalipia.